Mzazi wa Mtaalamu wa Udongo

Wataalamu wa udongo ni watu wasiotazama juu. Nimewaendesha miaka mingi hapa Doha na sijamsikia hata mmoja akisifia jengo. Ukiwapitisha mbele ya minara ya vioo ambayo wageni hupanda ndege kuja kupiga nayo picha, wao wanachungulia shimo la msingi lililochimbwa jirani yake. "Simama, simama!" atasema mmoja, nami nisimame kando ya barabara na kuwasha taa za tahadhari, yeye ateremke na viatu vyake vizuri akakodolee macho ukuta wa shimo kama mtu anayesoma tangazo la kifo. Polisi wakija, anayejieleza ni mimi. Nimeshajieleza mara nyingi hata nimekuwa fundi: namwambia askari kwamba bwana yule ni daktari, na hajisikii vizuri.

Kwamba ni daktari si uongo. Bosi wetu ni Msudani mrefu, mpole, mwenye shahada ya juu kabisa ya udongo, na sote tunamwita Daktari. Jina hilo limemletea wagonjwa. Siku moja mlinzi wa geti la shamba fulani, Mkenya mwenzangu, alinisikia nikimwita hivyo, akamvuta kando na kumsimulia habari za mgongo wake. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, nami nikitafsiri: "Kwani hapa unaposimama kutwa, chini ni mchanga au ni mwamba?" Mlinzi akajibu mwamba. Daktari akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Hadi leo mlinzi yule huniambia hajawahi kupata daktari aliyemwelewa kama yule.

Kampuni yetu ni ndogo. Watu wenye mashamba na bustani hutuita miti yao inaponyauka, nasi huenda kuchimba, kubeba udongo kwenye mifuko, kuupeleka maabara na kurudi na majibu. Mimi ni dereva, lakini ardhi ikikaidi nashuka na sururu. Na ardhi ya huku hukaidi. Udongo wenyewe ni wembamba kama shuka. Chini yake ni jiwe jeupe. Anayechimba hasa ni Mganda mmoja mwenye mabega ya kufungulia milango, mcheshi kupita kiasi, ambaye husema ardhi ya Qatar haichimbwi, inaposwa: unarudi, unarudi tena, unaambiwa hapana, unarudi.

Basi katika kampuni hiyo ndimo alimokuja kuajiriwa mdogo wangu wa kike. Si kama mpishi wala msafishaji. Alikuja kama mtaalamu wa udongo.

Hapo sina budi kurudi nyuma kidogo. Sisi ni watu wa milimani, Taita, ambako mashamba yamebandikwa kwenye mteremko na mtu akiangusha kabeji inaishia kwa jirani wa chini. Wazazi wetu walipofariki, mimi kifungua mimba nilitoka shuleni nikiwa darasa la saba, nikashika jembe ili wadogo zangu washike kalamu. Sikuona ajabu. Ajabu niliiona kwenye mikutano ya wazazi. Shule ilipoita wazazi, aliyekwenda ni mimi, kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinashauriana, nikaketi kwenye benchi katikati ya wazee wenye bakora. Mwanzoni walinitazama kama niliyepotea njia. Baadaye walizoea, hata wakaanza kuniuliza maoni yangu juu ya mabati ya darasa la nne. Niliwahi kuitwa shuleni kwa sababu mdogo wangu huyu alimjibu mwalimu kwa kiburi. Nilivaa koti la marehemu baba, mikono yake ikanifunika vidole vyote, nikaenda kuomba msamaha kwa niaba ya familia. Mwalimu mkuu alinipokea kwa chai. Tangu hapo nikaamini kwamba duniani hakuna tatizo la mtoto ambalo mzazi akivaa koti na kwenda kulizungumza halitatengenea.

Mtoto huyo alitaka kuwa muuguzi. Kila mtu kijijini alijua kwamba uuguzi ndio njia ya Ghuba. Chuo kilipomwita, kilimwita kusoma udongo. Alinipigia simu analia. Wakati huo nilikuwa tayari nimefika Doha, mlinzi kwenye mjengo.

"Kaka, wamenipa matope."

"Matope gani?"

"Sayansi ya udongo! Miaka yote hiyo nasoma, naenda kusomea kitu tunachonawa miguuni!"

Nikamwambia udongo ndio uliomlisha, na kama uliweza kumlisha pasipo kusomewa, ukisomewa si utamjengea na nyumba? Sikujua nilichokuwa nikisema, lakini sauti yangu ilikuwa ya mtu anayejua. Akaenda. Baadaye, nilipopata udereva wa Daktari, nikawa namtumia picha za mashimo. Vijana wengine hutumiwa na kaka zao picha za magari. Wangu alitumiwa picha za kuta za mashimo, na kufika mwaka wa pili akaanza kunilaumu kwamba sikuweka kitu cha kupimia ukubwa: "Weka hata kalamu, kaka, nitajuaje kina?" Ndipo nikajua amenasa.

Alipomaliza, kazi nyumbani ikawa ngumu. Wenzake wengi wa darasa moja wanauza mitumba na kusajili laini za simu. Daktari akatangaza anahitaji msaidizi kijana, mdogo wangu akasailiwa kwa video pamoja na wengine, akapita kwa uwezo wake. Mimi kazi yangu ilikuwa kumwendea uwanja wa ndege. Alipewa muda wa majaribio wa miezi michache. Akifaulu anabaki, asipofaulu anapandishwa ndege, arudi kusajili laini. Jambo hilo nililijua mimi, alilijua yeye, na Mganda naye alilijua maana nilimsimulia kila asubuhi.

Siku ya kwanza kazini tatizo likawa kiti. Wataalamu huketi nyuma, kwa heshima. Yeye akafungua mlango wa mbele.

"Nyuma," nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Kaka, siwezi kukaa nyuma wewe unaniendesha. Watu watasemaje?"

"Watasema umesoma."

Mganda alikuwa amesimama na beleshi lake begani, anafurahia. "Ssebo," akaniambia, yaani bwana kwa lugha ya kwao, "mimi naona ajabu. Umelea mtoto, umesomesha mtoto, sasa mtoto ndiye atakuambia piga breki. Hii si familia, hii ni serikali."

Akaketi nyuma. Lakini alikuwa amejibanza pembeni kama abiria asiye na tikiti.

Kazi yake ya kwanza ya kwenda mwenyewe, bila Daktari, ilikuwa Al Rayyan, kwenye bustani ya bibi mmoja Mqatari, mjane, ambaye wafanyakazi wake wote walimwita Mama, nasi tukamwita hivyo hivyo. Miti yake ya ndimu ilikuwa imegeuka manjano. Mama alikuwa amewekewa kiti cha plastiki kivulini, fimbo mapajani, na alituangalia kwa macho ya mtu aliyekwisha kuona mafundi wengi. Haelewi Kiingereza. Mdogo wangu haelewi Kiarabu. Mimi Kiarabu changu ni cha barabarani na cha mjengo, kinatosha. Nikawa mkalimani.

Mdogo wangu alikwenda kwenye mti, akashika jani, akaligeuza, akachuchumaa. Hata shimo lilikuwa halijaanza. Mganda alikuwa bado anatema mate viganjani. Mama akauliza kutoka kivulini: "Binti, dawa yake nini?"

Nikatafsiri.

Ninyi ambao hamjui udongo, kama nisivyoujua mimi, niwaeleze kwanza kidogo. Milimani kwetu mvua imeosha ardhi miaka na miaka hadi udongo umekuwa mchachu. Mazao yakigeuka manjano, wataalamu wa kwetu husema weka chokaa, chokaa inaua uchachu. Wanafunzi wa udongo kwetu wanaimbishwa jambo hilo hata usingizini. Kwa hiyo mdogo wangu, mbele ya mteja wake wa kwanza, chini ya jua la kwanza la maisha yake mapya, aliinua kichwa na kusema kwa sauti iliyojaa chuo kikuu: "Tutaweka chokaa."

Mimi nilivimba kifua. Sikufikiri hata kidogo. Angesema tuweke sukari ningetafsiri vilevile. Nikamwambia Mama, na nikaongeza nakshi: "Mtaalamu wetu, aliyehitimu chuo kikuu, anasema dawa ni chokaa. Chokaa nyingi."

Mama akatazama ukuta wa bustani, uliojengwa kwa mawe ya chokaa. Akatazama chini, changarawe nyeupe. Akachokonoa ardhi kwa fimbo, likatoka vumbi jeupe. Kisha akaanza kucheka. Alianza taratibu, mabega tu, halafu akaegemea fimbo, halafu akamwita mpishi aje asikie, naye mpishi akacheka hata mwiko ukamponyoka.

"Mwambie," Mama akasema akifuta macho, "hapa tukichimba kaburi tunatoa chokaa. Tukichimba kisima tunatoa chokaa. Marehemu mume wangu alipojenga nyumba hii tulikula chokaa mwaka mzima. Bado anataka niongeze?"

Nikatafsiri, safari hii bila nakshi. Mdogo wangu akageuka rangi ya majani ya ile ndimu. Pole pole akafungua sanduku lake, akatoa kichupa cha tindikali ambacho wataalamu hubeba, akadondosha tone moja ardhini. Udongo ukachemka. Ukatoa povu kama soda iliyotikiswa. Hiyo ndiyo dalili ya chokaa. Nyumbani alikuwa ameisoma kitabuni tu, maana udongo wa milimani ukiutia tindikali unakutazama tu. Akadondosha pale, ukachemka. Akasogea kule, ukachemka.

Mama akapiga makofi. "Tena!" akasema.

Tulichimba shimo, tukajaza mifuko, tukaondoka. Kufika kwenye taa za barabarani, Mganda akashindwa kujizuia. "Banange," akastaajabu kwa Kiganda, "kuuza chokaa Qatar. Hata mimi naweza. Nitauza mchanga pia."

"Nyamaza," nikamwambia.

"Mwache aseme," mdogo wangu akasema kutoka nyuma. "Ni kweli. Nilijibu kabla sijachimba." Akageukia dirisha.

Kufika jioni Daktari alikuwa ameshapata habari, maana Mama alimpigia simu kumwambia hajacheka hivyo tangu afiwe. Daktari hakusema lolote kwa mdogo wangu. Kimya hicho kilinichoma. Nilihesabu kwamba muda wa majaribio haujafika hata nusu, na nikamwona kichwani mwangu yuko chini ya mwavuli wa kusajili laini, anawaita watu wapitao.

Basi nikafanya kitu pekee nilichojua. Kesho yake nilivaa koti. Si lile la baba, lile liliisha zamani. Hili nilinunua kwa ajili ya kanisa, huvaa Ijumaa, siku ya mapumziko ya huku, tukienda ibada Mesaimeer. Nikapiga pasi shati. Nikaenda mlangoni kwa Daktari, nikabisha.

Akanitazama toka viatu hadi tai. "Kuna msiba?"

"Hapana, Daktari. Nimekuja kama mzazi."

Mtu mwingine angenifukuza. Yule mzee akavua miwani, akaweka kando karatasi zake, akasimama akanipa mkono kana kwamba hatukuwa tukisalimiana garini kila siku. Akaniketisha. Akaita chai ya maziwa. Wasudani na watu wa milimani tunaelewana katika hilo: jambo zito halianzi kikombe kikiwa kitupu.

"Karibu, mzazi," akasema. "Hujambo? Nyumbani hawajambo?"

Nikamwambia hawajambo. Kisha nikajikohoza na kumwaga maneno yangu yote ya zamani, yale yale niliyozoea kumpa mwalimu mkuu: kwamba mtoto ni mwerevu ila ana haraka, kwamba hakupata mama wa kumfunza utulivu, kwamba mimi kama mlezi nachukua lawama, na kwamba akipewa nafasi nyingine nitamsimamia mwenyewe. Nilikaribia kuahidi kwamba atafagia uwanja.

Daktari alinisikiliza vile alivyomsikiliza yule mlinzi mwenye mgongo. Kisha akasema: "Mimi nilizaliwa kwenye udongo mweusi, mzito, unaopasuka kiangazi mguu wa ng'ombe ukazama. Nilikuja nchi hii na shahada zangu. Mteja wa kwanza akaniuliza amwagilie lini. Nikamwambia, subiri ardhi ipasuke. Akasubiri. Mzazi, ardhi ya huku haipasuki. Bustani nzima ilikauka akiwa bado anasubiri nyufa." Akanywa chai. "Sote huja na udongo wa kwetu machoni. Mpaka upukutike ndipo mtu huanza kuona."

Nikapumua. "Kwa hiyo atabaki?"

"Sijui. Hilo si mimi nitakayelijibu, wala wewe. Mama wa Al Rayyan amesema hataki mtaalamu mwingine. Amesema aletewe yule binti wa chokaa, amweleze miti ina nini. Akishindwa kueleza, nitamtafutia tiketi. Na wewe, mzazi..."

"Ndiyo, Daktari."

"Vua koti, tuna safari."

Mdogo wangu alisikia kwa Mganda, ambaye alisikia kwa mtu wa chai. Niliposimama mbele ya nyumba ya wafanyakazi wa kike kule Al Wakrah kumchukua, aliingia akafunga mlango kwa kishindo ambacho gari la kampuni halikustahili.

"Umeenda kwa Daktari na tai?"

"Nilikwenda kuzungumza."

"Kama nani?"

"Kama mzazi."

"Aki kaka! Hii ni kazi! Mimi ni mtu mzima, nina shahada, nina mkataba! Unajua wataniitaje maabara? Wameshaanza. Leo wameniuliza kama nimeletewa maziwa."

"Mimi nilitaka tu..."

"Najua ulichotaka." Tukapita bandari, tukapita mizunguko ya barabara. Halafu akasema, sauti imeshuka: "Ukinisemea kila mahali, kaka, watajuaje kama naweza kusema?"

Nikawasha taa ya kona, nikakata kuelekea ofisini. 

Kwa siku zilizofuata alihamia maabara. Akawa anatoka huko na nywele zina vumbi na macho yanawaka. Mganda akawa anamfundisha Kiarabu cha kuchimbia, yaani maneno matano na yote ya matusi kwa mawe. Siku ya kurudi kwa Mama ilipofika, aliniambia kabla hatujashuka garini: "Leo utatafsiri nisemacho. Usiongeze, usipunguze. Hata nikikosea, tafsiri kosa."

"Hata kosa?"

"Hasa kosa."

Mama alikuwa kwenye kiti kile kile, na safari hii alikuwa ameita majirani wawili wa kike kuja kumtazama binti wa chokaa. Walikuwa na kahawa na tende. Ilikuwa kama mechi.

Mdogo wangu akasimama mbele yao akaanza, nami nikimfuata sentensi kwa sentensi. Akasema: "Mti wako hauna njaa kwa kukosa chakula. Unataka chuma, na chuma kimo humu ardhini, lakini chokaa imekikamata haikiachii. Mti unaona sahani, haufikii. Na maji mnayomwaga kila siku yanazidi kuziba pumzi ya mizizi. Tupunguze maji, tutie samadi iliyoiva, na tutie chuma cha aina ambayo chokaa haiwezi kuikamata."

Nikatafsiri. Kwenye sahani nilitamani kuongeza biriani juu yake, ili picha ikae vizuri, lakini nikajizuia.

Mama akatafuna tende. "Mwulize, na siku ile alisema chokaa kwa nini?"

Nilitafsiri swali hilo kwa Kiswahili. Mdogo wangu akajibu bila kuinamisha kichwa: "Kwa sababu nilijibu kabla sijachimba. Nilikuwa nimesimama kwako, lakini nilikuwa natazama shamba la kwetu."

Sasa hapo, nasema kweli, mdomoni mwangu kulikuwa na tafsiri nzuri zaidi. Ningeweza kusema alikuwa na homa. Ningeweza kusema ndiyo kwanza ateremke kwenye ndege, jua limempiga, msichana yatima, nyinyi ni akina mama mnaelewa. Wanawake wale wangelainika palepale. Mdogo wangu hakujua Kiarabu, asingegundua. Lakini alikuwa ananitazama. Si kama anayeomba. Alinitazama tu, kama mtu anavyotazama daraja kabla ya kulikanyaga.

Nikatafsiri alivyosema, neno kwa neno.

Majirani wakamtazama Mama. Mama akatema kokwa ya tende kiganjani akaiangalia.

"Waliokuja kabla yake," akasema, "hakuna aliyekosea hata mmoja. Kila mmoja alisema maneno mazuri sana. Miti yangu ikaendelea kufa." Akanyoosha fimbo. "Mpe ule wa pembeni, karibu na tangi. Ule ukipona, apewe yote. Ukifa, nilikuwa nataka kuung'oa hata hivyo."

Kwa hiyo maisha ya mdogo wangu Doha yakawa yamening'inia kwenye mti mmoja wa ndimu karibu na tangi. Sikuwahi kuujali mti kiasi kile. Ijumaa, baada ya ibada Mesaimeer, kwenye maegesho ambapo Wakenya na Waganda husalimiana hadi jua linawafukuza, Mganda aliwatangazia watu kwamba tuna mgonjwa Al Rayyan, tumwombee. Akina mama wa kwaya wakauliza mgonjwa anaitwa nani. "Ndimu," akasema. Nadhani walidhani ni jina la mtoto, maana wiki iliyofuata mmoja wao alimletea mdogo wangu uji wa unga kwenye chupa, ampelekee.

Mti haukufanya lolote. Majani ya manjano yaliendelea kuwa manjano, mengine yakaanguka. Mdogo wangu alisema yale ya zamani hayatapona, tuangalie machipukizi. Akapunguza maji, mtunza bustani akayarudisha kwa mazoea, akayapunguza tena, akamketisha mtunza bustani kwenye ukingo wa shimo na kumwonyesha mizizi iliyooza. Nilikaa garini. Mlango niliufunga ili nisishuke. Kuna asubuhi nilishika usukani gari likiwa limezimwa, mikono yote miwili, kama naliendesha kwenye matope.

Halafu asubuhi moja nikasikia kelele. Nilidhani Mganda amejikata. Nikashuka mbio. Alikuwa ameinamia tawi, mikono kiunoni, na mdogo wangu amechuchumaa kando yake. Kwenye ncha ya tawi kulikuwa na majani mawili matatu madogo, laini, ya kijani kabisa hadi kwenye ukingo.

"Ssebo, njoo uone mtoto wako," Mganda akasema, na sikujua anasema jani au anamsema nani.

Mama hakuja mbio. Alikuja na fimbo, hatua kwa hatua, akainama, akashika jani moja kwa vidole viwili, akaliachia. Akamwambia mtunza bustani awaonyeshe na ile mingine. Hakusema zaidi, na mingine miwili kati yake haikupona hata baadaye, ilikuwa imechelewa. Mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyemwambia hivyo, siku hiyo hiyo, nami nikatafsiri.

Muda wa majaribio ulipokwisha, Daktari alituita wote watatu ofisini. Aliagiza chai, nikajua jambo ni zito.

"Binti atabaki," akasema.

Mganda akapiga ukelele. Mdogo wangu akafunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakatikisika, akacheka na kulia kwa wakati mmoja kama alivyofanya utotoni alipopita mtihani. Mimi nikasema asante kwa lugha zote ninazozijua na nikaongeza Kitaita.

"Ila," Daktari akasema, "kuanzia wiki hii ana gari lake. Gari la pili. Huyu ndugu yetu," akamwonyesha Mganda, "amepata leseni, atamwendesha na kumchimbia. Mashamba ya kaskazini."

Nikasema leseni ya yule bado mbichi. Nikasema barabara ya kaskazini ina malori. Nikasema mimi nazijua njia zote.

"Najua unazijua," Daktari akasema. "Wewe utaniendesha mimi. Yeye ana mzazi, mimi hapa sina."

Nilimtazama mdogo wangu nikitegemea anitetee. Alikuwa ameshaanza kumwuliza Mganda kama gari la pili lina nafasi ya kekee ndefu ya kutobolea ardhi.

Asubuhi ya kwanza waliondoka kabla yetu. Nilimpa Mganda maelezo kupitia dirishani: asifuate malori, asikimbilie taa, asimame kabisa kwenye mizunguko. Alinijibu ndiyo mzee, ndiyo mzee, hadi mdogo wangu akapandisha kioo. Mimi na Daktari tukaelekea upande mwingine, yeye nyuma, akikodolea macho mashimo ya watu.

Kabla ya adhuhuri simu ikaita. Nikaiweka kwenye kipaza sauti.

"Kaka!" Upepo ulikuwa unavuma, na nyuma yake nilisikia beleshi. "Kaka, tumechimba, kuna tabaka hapa hujawahi kuliona! Hata kwenye mashimo yako yote!"

Kinywani mwangu yalikuwa yamepangwa maneno: umekula, una maji, umevaa kofia. Nikayameza.

"La rangi gani?" nikauliza.

"Yaani sijui hata niliiteje. Kama... subiri, nalowesha." Nikasikia maji yakimiminwa. Tukasubiri.

Daktari, aliyelidaka neno tabaka maana hata kwa Kiarabu chao ni hilo hilo, alikuwa ameshajisogeza hadi kichwa chake kimekuja katikati ya viti viwili, mkono ameunyoosha kutaka simu. "Mwulize liko kina gani! Nipe, nipe nizungumze naye!"

"Subiri, Daktari," nikamwambia. "Ananiambia mimi kwanza."